Forest: mti wa kwenye simu dhidi ya kurukaruka kazi

Forest, programu ya simu ya kulinda umakini, ilitoka mwaka 2014, kazi ya kampuni ya Seekrtech ya Taiwan, na wazo lake linaelezeka kwa pumzi moja. Unachagua muda, kuanzia dakika 10, unapanda mche kwenye simu, kisha unaiacha simu. Ukitulia, mche unakuwa mti. Ukitoka kwenda kuchungulia Instagram, unakauka, na mti mkavu unabaki kwenye shamba la siku hiyo, unaonekana kila ukilifungua.

Nguvu yote ya programu hii iko kwenye huo mti mkavu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza humsukuma mtu kuliko furaha ya kupata kitu chenye thamani ileile. Dakika ya kwanza huna cha kupoteza. Ikifika ya 18, mti umeshainuka, na mkono unaoinyemelea simu unasita. Kusita huko kunatosha, kwa sababu kufungua simu mara nyingi ni mazoea ya mkono kuliko uamuzi. Kwa kazi ngumu kuanza, kama ripoti ya robo mwaka, andiko la mradi au kufunga hesabu, ni msaada wa kweli.

Isipokuwa inabidi uipange vizuri, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwanza, hakikisha Deep Focus, mpangilio unaoukausha mti ukitoka, imewashwa. Ikizimwa unaweza kutoka na mti ukaendelea kukua, na hapo unabaki na saa ya kawaida yenye picha nzuri. Pili, kwenye Android ipe ruhusa zote inazoomba za kuona programu unazotumia. Tatu, iondoe kwenye mpango wa kuokoa betri, maana simu nyingi huzima programu za nyuma ya pazia, na muda ukakatika bila kosa lako. Nne, kwenye orodha ya ruhusa, yaani ya programu unazoweza kufungua bila mti kukauka, weka programu ya kupiga simu, na M-Pesa ikiwa kazi yako inaihitaji.

WhatsApp je? Hili ndilo swali gumu, kwa kuwa kwenye ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi kundi la WhatsApp ndiyo ofisi yenyewe. Ukiiruhusu, umejenga ua na kuacha lango wazi. Ushauri wetu ni kutoiruhusu, bali kupanda miti mifupi ya dakika 25 na kuwaarifu wenzako mapema: "Nipo kwenye ripoti hadi saa nne na nusu, jambo la haraka nipigieni." Bosi anayejua saa ya kupata jibu husubiri, asiyejua hutuma ujumbe wa tatu.

Forest haioni kompyuta. Kuna kiendelezi cha Chrome kinachozuia tovuti ulizoorodhesha, kisakinishe, ila hakitajua ukihama kutoka jedwali la bajeti kwenda barua pepe na kurudi mara tisa. Na gharama kubwa iko hapo. Mtafiti Sophie Leroy, katika utafiti wa 2009, alionyesha kwamba mtu akiacha kazi haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza, na ya pili inafanywa vibaya. Mti unaweza kustawi vizuri kabisa huku umakini umekatika vipande. Tiba ni kuutumia mti kwa kazi moja tu: kabla ya kubonyeza, tengeneza lebo yenye kitenzi na kiasi, mfano "kulinganisha risiti za Machi", badala ya "kazi". Ukilazimika kuacha katikati, andika mstari mmoja: umefikia wapi, na hatua ya kwanza ukirudi ni ipi. Leroy na Theresa Glomb walipima mbinu ya aina hii mwaka 2018 na ikapunguza mabaki hayo ya akili.

Sarafu zinahitaji tahadhari zaidi. Kila mti uliostawi unalipa sarafu za ndani ya programu, na sarafu 2,500 hugharamia mti halisi kupitia Trees for the Future, shirika linalofanya kazi na wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania miongoni mwa nchi nyingine. Ni jambo jema. Lakini mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti cha zawadi watoto waliopenda kuchora. Baadaye watoto hao walichora kidogo kwa hiari yao kuliko wasioahidiwa. Kazi unayoipenda yenyewe, kama usanifu au uandishi, usiitilie sarafu; tumia saa ya kawaida. Miti iwekee kazi za kuchosha. Ukijikuta umewasha mti wakati wa chakula cha mchana ili kuongeza sarafu, acha kuzihesabu kwa wiki nzima.

Kwa mhudumu wa wateja, muuguzi wa zamu au mwenye duka, haifai. Kukatizwa ndiyo kazi yao. Kwa wa dawatini, kwenye Android unaweza kuanza bure. Anza na miti mitatu kwa siku, wa kwanza kabla hujafungua barua pepe. Mti ukikauka mara mbili mfululizo kwenye kazi ileile, igawe kazi hiyo vipande viwili na upande mti wa dakika 10.