Yogati ya barafu Mbeya na Iringa: tazama chenga kabla hujachagua ladha

Malalamiko yanayonifikia kuhusu yogati ya barafu, yaani mtindi uliogandishwa, yanafanana mno. Dada mmoja wa Uyole aliwapeleka watoto mjini wakaionje kwa mara ya kwanza. Wakala vijiko viwili vitatu, wakasukuma vikombe pembeni. Mwingine, wa Kihesa pale Iringa, alinunua kikombe kikubwa cha stroberi, akaona anatafuna barafu iliyotiwa rangi. Wote wanaishia na swali lile lile: tuchague ladha gani? Jamani, ladha haina kosa. Mliuziwa mzigo ulioyeyuka ukagandishwa tena.

Chenga za barafu ndizo ninazotaka mzitazame kabla ya bei, kabla ya rangi na kabla ya vikorombwezo vya juu. Yogati ina maji mengi na mafuta kidogo. Aiskrimu halisi hulainishwa na mafuta. Marekani sheria inataka iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa. Yogati haina kinga hiyo, kwa hiyo mashine lazima iikoroge muda wote inapoganda, ili maji yagande kwa chembe ndogo ambazo ulimi hauzihisi. Umeme ukikatika, chembe ndogo ndizo zinazoyeyuka kwanza. Ukirudi, yale maji hayana wa kuyakoroga tena. Yanaganda juu ya chembe kubwa zilizobaki na kuzinenepesha. Ukatike mara ya pili na ya tatu, unakula mchanga wa barafu.

Na hili halihusu utamu peke yake. Baridi ya friza haiui vijidudu vyote, vingi inavilaza tu. Ndiyo sababu bakteria wanaogeuza maziwa kuwa mtindi, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, wengi wao hubaki hai hata kwenye barafu. Wabaya nao hubaki, na kila mzigo unapoyeyuka wanapata saa za kuzaliana. Muuzaji anayejua friza ilikaa bila umeme usiku kucha, asubuhi akampimia mtoto wa mwenzake bila kusema neno, anatenda dhuluma.

Utajuaje? Omba kuonja kijiko kimoja. Kisugue taratibu kwa ulimi kwenye kaakaa, usikimbilie kumeza. Ikikwaruza, rudisha kijiko, shukuru, toka. Kama ni kopo la supamaketi, fungua macho: theluji nene chini ya kifuniko, yogati iliyojitenga na kuta za kopo, au iliyoganda kwa kulalia upande mmoja. Hiyo ya mwisho haina utetezi. Kitu kilichogandishwa kikiwa kimesimama hakiwezi kulala upande bila kwanza kuyeyuka.

Nyanda za juu tuna tatizo letu wenyewe. Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapouma, wateja ni wachache na mzigo unakaa friza wiki hadi wiki, chenga zinakua hata umeme usipokatika. Wanaoonja mara ya kwanza wasubiri Septemba hadi Novemba, jua linapochoma na ndoo zinaisha haraka. Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, ndipo unapokuta mzigo mpya.

Sasa nipange. Nafasi ya kwanza naipa duka lolote linalokoroga mtindi halisi kwa mashine yake, siku hiyo hiyo, na lenye jenereta. Uliza wanatumia maziwa gani. Wakikujibu Asas, mimi nimeshakaa. Nasema wazi kwamba napendelea Asas: kiwanda kiko hapa hapa Iringa, na mtindi wao una uchachu unaobaki hata ukigandishwa. Uchachu huo ni kipimo. Unga wa aiskrimu wa mashine, ambao baadhi ya maduka huubandika jina la yogati, una utamu mtupu.

Ya pili ni kujitengenezea nyumbani, na naiweka juu ya maduka mengi. Chuja mtindi wa Asas kwa kitambaa safi saa chache maji yatoke, changanya na asali na parachichi lililosagwa, mimina kwenye chombo kipana kisicho na kina ili igande haraka, kisha ikoroge kwa uma kila nusu saa mpaka ishikane. Usiruke kukoroga hata mara moja. Ukikosa Asas, maziwa ya Njombe ni mazuri, ingawa mimi kwa Njombe nanunua zaidi jibini.

Makopo yanayosafirishwa kutoka Dar es Salaam yako chini kabisa kwangu. Njia ni ndefu, na huwezi kujua gari lilikaa wapi na kwa saa ngapi. Barafu za mifuko za mtindi zinazouzwa mtaani ni rahisi. Kata kiu, basi.

Ladha kwa anayeanza: anza na ya asili, isiyotiwa kitu. Wamarekani waliuziwa yogati ya barafu tangu miaka ya 1970, na maduka ya TCBY yalipoanza mwaka 1981 iliuzwa tamu karibu na aiskrimu. Maduka ya Pinkberry, yaliyoanza mwaka 2005, ndiyo yaliyowarudisha wengi kwenye uchachu. Wewe huna haja ya kuzunguka kote huko. Baada ya asili, chukua parachichi, la Rungwe au Njombe, kwa sababu mafuta yake yanaziba pengo la maziwa na chenga hazipati nafasi. Pesheni inaoana na uchachu vizuri sana. Embe na ndizi ni salama. Vipande vya tikiti ni maji, vitageuka mawe. Nanasi bichi likae mbali kabisa: lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na yogati inakuwa chungu. Na kila ladha ina sukari nyingi kuliko unavyohisi, maana baridi hufunika utamu. Iache iyeyuke uionje, utashangaa. Wanaowaambia wateja kwamba hii ni ya kupunguza mwili waache.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Mfugaji wa Rungwe anaamka alfajiri kukamua na kupeleka maziwa, analipwa kwa lita. Kikombe kidogo mjini kinauzwa zaidi ya lita yake nzima, na sehemu yake ni hewa iliyopigwa na mashine. Wanaopima kwa gramu wanapima biskuti na tikiti kwa bei ile ile ya yogati, na wengine wanapima na kikombe chenyewe. Mwambie aweke kikombe kitupu kwanza, arudishe mizani kwenye sifuri, ndipo ajaze. Akinuna, mwachie kikombe chake.