Bia za krafti za Malta: tazama jua kwanza, lebo baadaye

Shemeji yangu alipotimiza miaka arobaini nilimpelekea chupa nne za bia ya krafti, yaani ya viwanda vidogo. Nilizinunua duka moja la watalii karibu na pwani, hapa hapa Malta ninapoishi. Chupa za kupendeza, kioo cheupe, bia inang'aa rangi ya asali, yuro nne na nusu kila moja. Akafungua ya kwanza, akanusa, akanitazama kwa huruma.

"Shem, hii umeitoa wapi? Mbona kama amepita kicheche?"

Ya pili, kicheche yule yule. Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne hatukuifungua. Ipo kabatini kwangu mpaka leo kama kielelezo cha mahakamani.

Tangu niisimulie habari hiyo mmeniandikia wasomaji watatu mliopatwa na kama hayo. Mmoja wenu alidhani krafti ndivyo inavyonuka, akainywa yote kwa heshima. Pole sana, ndugu yangu. Kwa hiyo hapa sitaanza na ladha wala asilimia za kilevi. Hayo yapo kwenye lebo na kusoma unajua. Naanza na jua.

Hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, ndizo zinazoipa uchungu wake. Mwanga ukiipiga bia, ule uchungu unavunjika, vipande vyake vinaungana na salfa iliyomo humo humo, na hapo ndipo anapozaliwa kicheche. Hata awe kidogo namna gani, pua inamjua. Wala si suala la joto: bia baridi kabisa inaharibika vile vile ikipigwa na mwanga. Kioo cheupe hakizuii kitu, dakika chache za jua kali zinatosha. Kijani kinazuia kidogo sana, kile ni urembo tu. Kahawia kinakinga sehemu kubwa, na kopo linakinga yote. Safari na Kilimanjaro kukaa kwenye chupa za kahawia si ushamba, jamani. Na msidhani ukiingia ndani umepona, maana zile taa nyeupe za friji za dukani nazo zinafanya kazi hiyo hiyo, polepole.

Sasa kipimo changu. Shika chupa, izungushe. Linganisha lebo ya upande uliotazama dirishani na ya upande wa nyuma. Nyekundu ikiwa imekuwa waridi upande mmoja, irudishe kwenye rafu na usione aibu, hata muuzaji akukodolee macho. Halafu soma tarehe. Krafti nyingi hazichujwi wala hazipitishwi kwenye moto wa kuua vijidudu, kwa hiyo rafu ya Agosti, ambayo huku ni kiangazi, inazizeesha upesi. Kwetu mtu anaagiza "ya moto" na anafurahi, sina ugomvi naye. Ila bia iliyotoka kwenye kreti leo na bia iliyokaa na joto la kiangazi kizima ni vitu viwili.

Namba moja kwangu ni San Blas ya Lord Chambray, na upendeleo wangu siufichi. Kiwanda kiko Xewkija, kisiwani Gozo, kilianza 2014, na ndicho kilichoifungulia krafti njia katika Malta nzima. Kina jina moja na ngome ya Chambray, ile unayoiona juu ya bandari ya Mġarr unaposhuka kwenye feri. San Blas yenyewe ni IPA, aina ya bia yenye hopsi nyingi, ya mtindo wa Kiingereza. Uchungu upo lakini una adabu, kimea unakisikia, na ukimeza unabaki na kitu kama ganda la chungwa lililokauka. Jina wamelitoa kwenye ghuba ya mchanga mwekundu huko huko Gozo.

Ukiweza, ifuate kwao. Feri kutoka Ċirkewwa, bandari ya kisiwa kikubwa cha Malta, ni dakika ishirini na tano hivi. Mimi nanunua kwa mzee mmoja mwenye kiduka chembamba kama ukumbi wa nyumba, madirisha yamefungwa mbao, bia zote ziko kwenye friji la nyuma. Siku ya kwanza alikuwa anazihesabu kwa Kimalta huku anazipanga mfukoni: "ħamsa, sitta, sebgħa..." Nikasikia kwetu kabisa! Nikadakia kwa kiherehere, "nane!" Akacheka mpaka akakaa. Kumbe kwao ni tmienja.

Ya pili ni Fungus Rock, stauti ya kiwanda hicho hicho, nyeusi, inanukia kahawa iliyokaangwa sana. Hiyo Fungus Rock ni mwamba wa baharini pale Dwejra ulioota mmea watu wakiamini ni dawa, hadi mwaka 1746 mtawala wa Malta, Pinto, akapiga marufuku watu kuukanyaga na kuuwekea mlinzi. Bia yake haina mlinzi, ila inaisha haraka madukani. Ya tatu ni Blue Lagoon, ya ngano kwa mtindo wa Ubelgiji, hiyo mpe rafiki anayekuambia hapendi bia chungu. Golden Bay, nyingine ya kwao, haina ubaya.

Ya nne nitazomewa: Blue Label ya Farsons. Najua, Farsons ni kiwanda kikubwa pale Mrieħel, si krafti. Lakini ile bia ya rangi ya kaharabu, kilevi asilimia 3.3 tu, ni urithi wa enzi Waingereza walipokuwa hapa na kiu yao, na nimeinywa mara nyingi kuliko krafti kadhaa zenye lebo za kuchorwa kwa mkono.

Ya bei ndogo: Cisk, bia ya kawaida ya hao hao Farsons. Tamka "chisk". Iwe baridi. Basi.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Bei unayoiona kwenye rafu mara nyingi haina ile senti kumi ya chupa, iliyoanza Novemba 2022, ambayo utaipata ukirudisha chupa kwenye mashine, kama mashine siku hiyo imeamka vizuri. Hiyo nimeizoea. Ila mikahawa ya ufukweni inakuuzia krafti kwa bei ya chakula cha mchana, kisha wanakumiminia kwenye glasi nyeupe na kukuweka katikati ya jua! Glasi nayo ni kioo, jamani. Omba meza yenye kivuli, au kunywa haraka.

Na nilipolirudia lile duka la chupa nne, kijana wa kaunta alinusa, akainua mabega. "Krafti ndiyo zilivyo," akaniambia. Mimi! Nikamwonyesha dirisha, nikamwonyesha lebo zilivyopauka, akaniuliza kama nina risiti.

Jumamosi nimepita tena. Chupa ziko pale pale dirishani, zinaota jua la saa nane mchana. Sasa wameziwekea bango: punguzo asilimia ishirini.