Nilisasisha Flutter usiku wa kuamkia kikao cha kikoba: uzoefu wangu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe lilitokea zamani kidogo, kipindi cha masika kama sikosei, na mtu mwingine angekuwa ameshalisahau. Atakayeona ninamwonea mtu, anisamehe.

Akina mama wa kikoba cha mama yangu hukutana kila Jumamosi, na hesabu zao zote za hisa, mikopo, marejesho na faini zilikuwa kwenye daftari moja kubwa lililokwisha kuchanika jalada. Nikajitolea kuwatengenezea programu ndogo ya simu ya kusajili wanachama, kuingiza hisa na kutoa risiti kwenye printa ya mkononi inayounganishwa kwa Bluetooth. Nilichagua Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, kwa sababu msimbo mmoja, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Dart, unatoa programu ya Android na ya iPhone. Hilo la iPhone lina masharti yake, kwa maana bila kompyuta ya Mac huijengi, yaani huwezi kuugeuza msimbo uwe programu ya kuweka kwenye simu, nami Mac sina. Kwa hiyo katibu, ambaye peke yake ndiye mwenye iPhone, alibaki na daftari lake.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu, na sitazinyima sifa kwa sababu ya yaliyofuata. Unabadilisha rangi ya kitufe, unahifadhi, na kabla hujanyanyua kikombe cha chai rangi imeshabadilika kwenye simu, huku jina la mwanachama uliloliacha nusu likiwa palepale. Nilipoiwekea Kiswahili, kalenda ya kuchagulia tarehe ilijileta yenyewe na vitufe vya "Ghairi" na "Sawa" ambavyo sikuviandika mimi. Mama mweka hazina alikitazama kile cha kwanza, akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, na hii simu nayo imesomea Kiswahili cha redioni?" Siku ile ningemshauri kila mtu aache mengine yote ashike Flutter.

Kilichoniharibia ni kifurushi. Sisemi kifurushi cha intaneti, ingawa hicho nacho kiliisha usiku uleule. Nasema msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, ambao unauongeza kwenye kazi yako ili usianze kila kitu mwanzo. Flutter peke yake haina cha kuzungumza na printa, hivyo nilichukua kifurushi cha bwana mmoja, kikafanya kazi vizuri, nikakisahau. Ijumaa usiku, kikao kikiwa kesho yake saa nne asubuhi, niliona kuna toleo jipya la Flutter, na kwa kiherehere changu nikasasisha, pamoja na zana za Android za kujengea programu. Kisha nikaagiza ijengwe. Feni ya kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga, dakika zikapita, halafu maandishi mekundu yakajaa kioo kizima.

Kisa chenyewe nilikielewa kwenye saa nane za usiku. Tangu toleo la 8 la zana hizo, lililotoka mwaka 2023, kila kifurushi sharti kitaje jina lake la utambulisho ndani ya faili lake la kujengea, ilhali zamani liliweza kusomwa kwenye faili la manifesti, lile linaloieleza Android habari za msimbo huo. Kifurushi changu kilikuwa cha zamani, jina lilikuwa kwenye manifesti, na mwenyewe hakuwa amekigusa kwa muda mrefu. Ulikuwa ni upungufu wa mstari mmoja, wenye maneno yasiyofika matano, na kwa ajili yake programu nzima ilikataa kujengeka. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaifuta ile ya zamani kwenye simu ya mweka hazina, nikitaka kumwekea mpya, asubuhi nilifika kikaoni mikono mitupu. Mama mwenyekiti hakunisema. Alimwambia katibu tu, "Haya, leta daftari," na neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilikuwa nimeshamwandikia mwenye kifurushi kwa adabu zote, nikimweleza kosa na mahali lilipo. Jibu lilikuja siku kadhaa baadaye: ni kitu cha bure, na nisipopendezwa niandike cha kwangu. Hakuna salamu wala asante. Nilitaka kuandika hapa kwamba Flutter haifai, mkimbieni, na kusema kweli aya hii mwanzoni ilisema hivyo. Lakini nikijiuliza kwa utulivu, Flutter ilinikosea nini? Aliyesasisha usiku wa kuamkia kikao ni mimi, na aliyefuta programu iliyokuwa inafanya kazi kabla ya kupata nyingine ni mimi. Hata yule bwana, ukiondoa ulimi wake, hakuniahidi kitu.

Hapana, ulimi wake siuondoi. Mtu aliyeweka kazi yake hadharani ili wengine waitumie anajua kwamba wapo wanaoitegemea, na kujibu kistaarabu hakugharimu bando.

Mwishowe nilinakili kifurushi chake chote ndani ya folda ya kazi yangu, nikaongeza mstari ule, nikaielekeza programu isome nakala hiyo badala ya ile ya mtandaoni. Ilijengeka kwa mara ya kwanza. Jumamosi iliyofuata printa ilitoa risiti na mama mweka hazina akaibana kwenye daftari kwa pini, maana daftari bado hawajaliacha. Mstari wenyewe nilimtumia yule bwana ukiwa tayari, abakiwe na kazi ya kuukubali tu. Hadi leo hajaupokea.