Spesa ya inhela kwa mtoto mwenye pumu, nimeitumia miezi 8

Mwanangu ana miaka 4 na ana pumu. Hii spesa, yani kale kachupa ka plastiki kenye maski unakachomeka kwenye inhela, nilinunua famasi ya hapa Tabata baada ya daktari kuniuliza dawa nampaje, nikamwonyesha, akatikisa kichwa. Nilikuwa nampulizia mdomoni moja kwa moja, kumbe nyingi inabaki kwenye ulimi na kooni, kifuani inafika kidogo sana, mana mtoto wa umri huo hawezi kuvuta pumzi palepale unapobonyeza.

Matumizi ni rahisi. Unatikisa inhela, unachomeka, maski inafunika pua na mdomo vizuri isiachie hewa, unabonyeza mara 1 tu, anapumua kawaida mara 5 au 6 ndo unabonyeza tena. Kuosha ni maji na sabuni halafu unaiacha ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa, dawa itaanza kunata kwenye plastiki badala ya kwenda kwa mtoto.

Ila kwangu faida kubwa ni kwamba sa hivi dawa ikishindwa najua imeshindwa kweli. Zamani akibanwa nabaki najiuliza, haijafika au ugonjwa umezidi? Nampulizia tena na tena, masaa yanakwenda.

Mwezi wa 7 usiku kabanwa. Daktari alishatupa utaratibu wetu, ile inhela ya bluu ya kufungua kifua akibanwa, mpulizie mara 2, subiri dakika 20, rudia, ikifika mara ya tatu hajatulia twende hospitali usiku huohuo. Ya kwanza ikamsaidia kidogo, ya pili hamna kitu. Nikamvua shati, kila akivuta pumzi nyama za katikati ya mbavu na chini ya shingo zinazama ndani, pua zinatanuka, nikahesabu pumzi dakika nzima zikafika 52, na kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 kuanzia 40 ni za haraka. Namuuliza unataka maji, anajibu neno moja anakata. Mama mkwe akasema mpeni tangawizi na asali alale, nikamwambia mama samahani, huyu hatulali naye. Sikungoja ya tatu nyumbani, nilimpa ndani ya bajaji. Hospitali walimpima na kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni wakamwekea oksijeni palepale, dawa ya mvuke na prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe kwenye njia za hewa, akalazwa siku 2.

Nesi mmoja alikaa na mimi alfajiri akanifundisha kitu ambacho kila mzazi wa mtoto wa pumu anatakiwa akijue, kwamba ile miluzi ya kifua ikikata ghafla wakati mtoto bado anahangaika kupumua sio nafuu, ni hewa haipiti kabisa. Na kwa watoto wetu weusi usitafute ubluu kwenye ngozi, angalia midomo, ulimi na fizi. Akilegea, akisinzia hovyo au akishindwa kunywa, usikae kuhesabu dakika 20, beba mtoto, ile ya bluu endelea kumpa njiani.

Karatasi iliyokuja kwenye boksi haina hata mstari mmoja wa hayo, na yote ni Kiingereza na Kichina. Hapo nimepunguza nyota 1, naipa 4. Wauzaji wa famasi nao wangemwelekeza mtu kabla hajaondoka, mimi nilipewa na mfuko tu.

Majirani wanasema inhela inazoesha. Haizoeshi jamani, ila ukiona mtoto anahitaji ya bluu kila wiki, au anaamka usiku na kikohozi, mrudishe kliniki, pumu haijadhibitiwa. Wetu ndo akaanzishiwa inhela ya kuzuia ya kila siku, anasukutua mdomo akimaliza, na jiko la mkaa nimelitoa nje.

Kama hela ya spesa haipo usikae bila kitu, muulize daktari akuonyeshe ya chupa ya maji ya nusu lita, watafiti wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa wakachapisha 1999, ikitobolewa vizuri na kuzibwa pembeni ilifanya kazi sawa na ya dukani.

Yetu maski imeanza kulegea upande mmoja, ntanunua nyingine kabla baridi ya mwezi wa 6 haijaingia.