Udongo wa kusia wa mfuko, kitalu cha barabara ya Pangani, Tanga: nyota 3 kati ya 5

Ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, laini, hayana takataka. Kwa mchicha, safi sana. Kwa adeniamu (waridi la jangwani) na mimea mingine ya majani au mashina manono unashika maji mno, na kwa unyevu huu wa pwani kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche michanga, hakichelewi: shina linalainika usawa wa udongo, linageuka kahawia, mche unalala.

Changanya kopo 1 la udongo huu na makopo 2 ya chenga za matofali ya kuchoma, zilizochekechwa vumbi. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Fukiza mchanganyiko kwa mvuke dakika 30, uache upoe ndipo usie. Mwagilia kwa kuloweka kitako cha chungu. Mbegu zikichipua, anza kufunua nailoni uliyofunikia chungu siku hiyohiyo, maana wengi hupoteza miche hapo.