Milimita tano za shokapu ya mbele

Niliipeleka pikipiki kwa fundi wa shokapu na ombi moja tu: anishushie mbele. Ni ya cc 150, shokapu mbili nyuma, na mbele zile za bomba zisizo na sehemu ya kurekebisha chochote. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye kona. Ukiilaza inakubali kwa shingo upande, halafu katikati ya kona inaanza kutanuka kwenda nje, nawe unabaki kuusukuma usukani kama mwenye mkokoteni.

Fundi hakushika spana. Aliniuliza nina kilo ngapi na kama nabeba abiria. Akachora mstari wa chaki kwenye bodi juu ya ekseli ya nyuma, akapima gurudumu likiwa hewani, akapima tena nikiwa nimekaa. Ukikaa, nyuma inatakiwa izame kama robo ya mwendo wake wote, ikizidi sana theluthi. Yangu ilikuwa inakaribia nusu. "Mbele yako haiko juu, kaka," akasema. "Nyuma ndiyo imekaa chini." Akazungusha pete za springi za nyuma ngazi mbili, akanituma nikazunguke. Nusu ya ugonjwa ikawa imepona, na ile bolti niliyokwenda kufunguliwa ilikuwa bado imekazwa.

Ndipo tukaja mbele. Wengi huchanganyikiwa hapa: ili mbele ishuke, bomba za shokapu zinapandishwa. Zimeshikwa na vibano viwili, cha juu na cha chini ya shingo ya usukani. Ukilegeza bolti na kuziacha bomba zichomoze zaidi juu, mbele ya pikipiki inakaa chini karibu kwa kiasi hicho hicho. Shingo inasimama wima zaidi, gurudumu linajibu haraka, uzito kidogo unahamia mbele. Kwenye pikipiki yenye milimita 1,300 hivi kati ya ekseli na ekseli, kushusha 5 kunabadilisha mlalo wa shingo kwa digrii 0.2 tu. Ukisikia unacheka. Ukiingia kona hucheki.

Alipendekeza hizo 5. Mimi, kwa uroho, nikataka 10. Alinitazama kidogo, kisha akafanya.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Jeki chini ya injini, mbele ikiwa hewani, bomba moja kwa wakati ili nyingine ishikilie. Ya kulia ilikuwa imeganda kwa kutu ndani ya kibano. Wengine hapo huchukua nyundo. Yeye aliinyunyizia mafuta, akaenda kunywa chai, akarudi akaizungusha kwa mikono miwili huku akiivuta juu, kama mtu anayeng'oa muhogo. Upande huu na ule alipima kwa rula ya chuma, akakaza bolti kwa spana ya kipimo, maana ukikaza mno unaibana bomba hadi shokapu inakwama. Ekseli aliikaza mwisho, baada ya kuibonyeza mbele mara kadhaa ili miguu ijipange. Kisha akafunga mikanda kwenye usukani na kuivuta mbele hadi chini kabisa, kuona kama madigadi inagusa kibano. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja.

Kwenye kona nilikuwa mfalme kwa siku mbili. Siku ya tatu, kilomita 80 kwa saa, barabara yenye viraka, usukani ukaanza kucheza mkononi: kushoto, kulia, kushoto. Ulitulia nilipopunguza mwendo. Mimi sikutulia hadi jioni.

Nikarudi. Hakunisimanga, na hilo naliweka kwenye hesabu ya huduma. Akateremsha bomba hadi 5 na kuchora alama nyeupe kwa kalamu ya rangi, ili zikiteleza nione. Tangu hapo usukani haujacheza tena. Kona inaingia kwa mkono mmoja mwepesi na haitanuki, ila nikibeba mtu mzito ule uzembe wa zamani unarudi kidogo. Springi za nyuma zimechoka, alishaniambia ninunue nyingine.

Malalamiko ninayo mawili. La kwanza, hakuniambia kwamba stendi ya ubavuni ingeiacha pikipiki imesimama wima kuliko zamani. Kwa zile 10 niliikuta karibu ianguke upande wa pili, kwenye mteremko mdogo tu. La pili ni taa. Nyuma ikipanda na mbele ikishuka, mwanga nao unainama, na usiku wa kwanza nilikuwa namulika tairi langu mwenyewe. Ni skrubu moja nyuma ya taa. Nilijizungushia nikiwa barabarani, simu mdomoni kama tochi.

Nyota nne.