Darasa la wanyama wahamaji, Arusha: lipia, na usikose jioni ya karibou

Wenzangu mnaoendesha wageni kanda ya kaskazini, kila tukikutana kwenye foleni ya geti swali ni lilelile: lile darasa la jioni la wanyama wahamaji, pale Sanawari, linafaa hela yake? Linafaa. Nimelihudhuria masika hii, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na gari liko gereji, na katika mafunzo yote niliyowahi kulipia mjini hapa tangu nianze kazi, hakuna yaliyonibadilishia namna ya kutazama kundi la nyumbu kama haya.

Mambo ya kawaida kwanza. Ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Ada ni shilingi 15,000 kwa jioni, chai ya tangawizi na andazi ndani yake. Mnaanza saa kumi na mbili, mnatoka saa mbili na nusu kama umeme haujakatika. Mwalimu ni mzee mstaafu aliyemaliza ujana wake akihesabu wanyama kwa ndege. Ukimwamkia anaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi zake, kisha anakuita "mwanangu" hata kama una mvi. Tulikuwa mchanganyiko: madereva, wapagazi wa mlimani wanaojiandaa na leseni ya uongozaji, vijana wa chuo, na mama mmoja mwenye kambi ndogo upande wa Karatu.

Jioni ya ndege wahamaji ilinichosha. Majina mengi, ramani chache. Ile ya tembo na shoroba zao, yaani njia wanazopita kati ya hifadhi na hifadhi, ni nzuri, ila aliyezoea Tarangire ameshayasikia mengi ya humo. Hela yenu ipelekeni kwenye zile jioni mbili zinazofuatana, ya karibou, mnyama wa nchi za barafu za kaskazini ya mbali, na ya nyumbu, na msichukue moja mkaacha nyingine.

Mama wa Karatu aliuliza waziwazi mnyama wa barafuni anatuhusu nini. Mwalimu alimjibu kwa kubandika ukutani ramani mbili zenye kipimo kimoja, Serengeti na Mara upande huu, Alaska na Kanada upande ule, zote zimechorwa njia za wanyama kwa kalamu nyekundu. Njia ya nyumbu wetu ikaonekana fupi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wanyama wa nchi kavu wanaohama duniani, na baadhi ya makundi ya karibou ndiyo yaliyoongoza: zaidi ya kilomita 1,200 kwenda na kurudi kila mwaka. Tunapowaambia wageni kwamba uhamaji wetu ni mkubwa kuliko wote, tuseme tunapima nini. Kwa wanyama waliojaa mahali pamoja, tuna la kujivunia. Kwa urefu wa njia, wenzetu wa kaskazini wametuzidi.

Karibou ni spishi ileile ya wale wanyama wanaofugwa na kuvuta sileji, gari la kuteleza juu ya theluji, kaskazini mwa Ulaya na Urusi. Ana pembe zenye matawi, na jike naye anazo. Kwato zake ni pana, anazitumia kuchimbua theluji. Majike wenye mimba ndio wanaotangulia, theluji ikiwa bado haijayeyuka, kwenda kwenye uwanda wa kuzalia. Madume wanafuata nyuma taratibu. Kuzaa ni mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, kwa mkupuo, kama mtu anayeijua Ndutu ya Februari, kule kusini mwa Serengeti nyumbu wanakozalia, anavyoweza kuona picha kichwani. Ndama anasimama mapema na baada ya siku moja anamfuata mama.

Sasa hapo ndipo mwalimu alipotuketisha vizuri. Aktiki, yaani eneo la barafu kuzunguka ncha ya kaskazini ya dunia, imekuwa ikipata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia kwa ujumla tangu mwaka 1979. Sisi tunaoishi karibu na Kilimanjaro, mlima ambao barafu yake tunaiona ikipungua, tulidhani tunajua maana yake: joto likizidi, barafu inaondoka, mnyama anahangaika. Mwalimu alisema hiyo ni sehemu ndogo ya habari, akashuka dukani kwa jirani na kurudi na mabeseni mawili yaliyokuwa kwenye friza.

Nitayaeleza mabeseni hayo kwa sababu kwangu yalitosha kulipia darasa zima. Chini ya kila moja alikuwa ametandaza majani ya ukoka na kipande cha ile likeni ya kijivu inayoning'inia kama ndevu kwenye miti ya njia ya Machame. Juu yake akamwaga barafu iliyosagwa, unene wa kiganja. Beseni la kwanza akaliacha hivyo. La pili, mchana, alilinyunyizia kikombe cha maji, akalirudisha kwenye friza. Akamwita mpagazi mmoja, kijana mwenye mikono ya kazi, akamwambia achimbe kwa vidole tu. Kwenye beseni la kwanza vidole vilizama, na kabla hatujakaa sawa ameshashika ukoka. Ulinuka hadi safu ya pili. Kwenye la pili alikwangua, akagonga kwa ngumi, sauti ikawa ya kugonga kioo. Majani tuliyaona pale chini, ya kijani kabisa, lakini hayakuwa na harufu yoyote na hayakufikika. Kijana akapuliza kucha zake akarudi kukaa.

Mwalimu akasema: huyo ndiye karibou wakati wa baridi. Chakula chake kikuu majira hayo ni likeni, na anaipata kwa kuinusa kupitia theluji na kuichimbua. Theluji kavu si adui yake. Adui ni mvua inayonyesha juu ya theluji katikati ya majira ya baridi, kisha baridi kali ikairudia ikaigeuza bamba. Novemba 2013 kwenye rasi ya Yamal huko Urusi ilitokea hivyo, na karibou wa kufugwa wapatao 61,000, mali ya wafugaji wa Kinenets, walikufa kwa njaa wakiwa wamesimama juu ya malisho yao. Mama wa Karatu hakuuliza tena.

Jambo la pili lilinigusa zaidi kwa sababu ya kazi yangu ya Ndutu. Mimba ya karibou inatungwa Oktoba. Tarehe ya kuzaa imeshapangwa tangu hapo, na jike aliye mamia ya kilomita kusini hawezi kujua kwamba mwaka huu uwanda wa kuzalia umewahi kupata joto. Majani machanga yenye protini nyingi, yale anayoyahitaji kutoa maziwa, yanadumu muda mfupi tu. Huko Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland, watafiti waliofuatilia miaka mingi waliona mimea ikiwahi kuchipua kuliko karibou walivyowahi kuzaa, na ndama wengi zaidi wakafa. Ni kama mzazi anayefika bombani na ndoo yake saa ileile ya siku zote, kumbe maji siku hizi yanatoka alfajiri.

Napenda kwamba mwalimu hakuishia hapo kwa huzuni. Alituonyesha pia upande mwingine. Mwaka 2020 lilichapishwa andiko lililokusanya kumbukumbu za kola za kufuatilia, zile wanazovalishwa shingoni wanyama wa Aktiki, kutoka tafiti zaidi ya 200, zilizohifadhiwa mahali pamoja kwenye mfumo wa Movebank. Humo kuna majike ya karibou zaidi ya 900 yaliyofuatiliwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2017, na makundi ya kaskazini zaidi yameonekana yakizaa mapema kuliko zamani. Yaani wapo wanaojitahidi kuendana na majira. Si wote, na si mahali pote.

Halafu kuna mbu. Siku ya joto isiyo na upepo, mbu, pamoja na nzi ambao mabuu yao huishi chini ya ngozi na puani mwa mnyama, wanawakimbiza karibou hadi kwenye mabaki ya theluji au ufukweni kwenye upepo. Mnyama anayekimbia hapati nafasi ya kula. Asipokula majira ya joto hapati mafuta, na jike asiye na mafuta ya kutosha Oktoba inapofika hashiki mimba. Niliandika hilo kwa herufi kubwa, kwa kuwa nimeona nyumbu wakisumbuliwa na nzi mara nyingi na sikuwahi kuufuatisha usumbufu huo hadi kwenye mimba ya mwaka unaofuata.

Kwenye hesabu za makundi mwalimu alikwenda mbio, na hapa ndipo ninapolalamika. Anajua hesabu kuliko mtu yeyote mle ndani, angetupa jioni nzima. Nilichonukuu ni hiki. Kundi la Bathurst, Kanada, lilikuwa na karibou wapatao 470,000 mwaka 1986. Mwaka 2021 walikadiriwa 6,240. Kundi la Western Arctic la Alaska lilifika 490,000 mwaka 2003, likawa 152,000 mwaka 2023. Lakini kundi la Porcupine, linalovuka mpaka wa Alaska na Kanada na ambalo watu wa Gwich'in wamelitegemea vizazi na vizazi, lilihesabiwa 218,000 mwaka 2017, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa kwake. Ripoti ya Aktiki ya mwaka 2024 ilisema karibou wahamaji wa tundra, ile nchi baridi isiyo na miti, kwa jumla wamepungua kwa asilimia 65 ndani ya miongo miwili hadi mitatu.

Kijana mmoja wa chuo alitaka jibu moja: ni hali ya hewa au siyo? Mwalimu alikataa kumpa. Makundi ya karibou hupanda na kushuka kwa miongo hata bila mkono wa mtu, wazee wa jamii za huko wanalijua hilo. Kuna uwindaji, kuna mbwamwitu, kuna migodi, kuna moto unaounguza likeni ambayo inachukua miongo kuota tena. Joto linaingia ndani ya kila kimoja cha hivyo na kukiongezea uzito. Nililipenda jibu hilo. Wageni wetu wanastahili kuambiwa hivyo pia, badala ya sentensi moja ya kutisha.

Mfano wake wa barabara tuliuelewa haraka kuliko yote. Kaskazini-magharibi mwa Alaska kuna barabara ya mgodi wa Red Dog, ambayo haina hata uzio. Baadhi ya karibou wenye kola walipoifikia kabla ya majira ya baridi walizungukazunguka wakachelewa takriban mwezi mzima kabla ya kuvuka. Chumba kizima kikawaza jambo moja. Tunaukumbuka mpango wa mwaka 2010 wa barabara kuu kupita kaskazini mwa Serengeti, na hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyotolewa hapahapa Arusha mwaka 2014, ya kuzuia lami isipite humo. Mwalimu hakuhubiri. Alinyoosha tu fimbo yake kutoka ramani moja hadi nyingine.

Jioni iliyofuata ya nyumbu ilikwenda vizuri kwa sababu msingi ulishawekwa. Nyumbu walikuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua, ikaondoka, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni. Makundi yanaweza kurudi chanzo cha maumivu kikiondoka. Kwa nyumbu, kinachoongoza njia ni mvua na majani mafupi ya kusini, na tulibishana hadi walinzi wakaja kufunga: mvua za vuli zikichelewa au zikipitiliza, kipindi kile cha wiki mbili tatu ambacho ndama wengi wanazaliwa kwa pamoja kitakaa wapi?

Kasoro nyingine ni ndogo. Karatasi za kugawiwa ziko kwa Kiingereza kizito na wapagazi watatu walibaki wakiulizana. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili safi kabisa, basi aandike hivyohivyo. Projekta ni hafifu, dirisha la barabarani halifungi, honi za daladala zinaingia. Ukikaa nyuma hutasikia.

Tangu hapo, nikiwa Ndutu na familia iliyotoka Yukon, Kanada, mazungumzo yalikuwa ya watu wawili wanaojua wanachozungumza. Baba yule alinieleza mto ambao kwao walizoea kuwasubiri karibou na jinsi sasa wanavyochelewa, nami nikamweleza mvua zetu. Na nimeanza kuandika tarehe: ndama wa kwanza ninayemwona akiwa bado mbichi, siku majani mafupi yanapokauka, siku kundi linapoondoka. Mwalimu anazikusanya daftari za aina hiyo kutoka kwa yeyote aliye tayari. Sisi madereva tuko porini siku nyingi kuliko mtafiti yeyote, na hadi sasa tumeyaacha yote hayo yapotee na vumbi. Tuandike, jamani.

Mkondo mwingine utafunguliwa kabla ya mvua za vuli. Viti ni vya plastiki na haviongezwi, kwa hiyo lipieni mapema pale dukani chini, dada wa kaunta anaandika risiti. Mwenye gari apaki upande wa pili wa barabara, maana mbele ya duka wanafunga magurudumu.